Juu ya Kuorodhesha Vitabu, na Taabu Iletwayo na Herufi za Mwanzo

Mwalimu mmoja wa huku Kihonda alitaka kuwasomea wanafunzi wake habari za kale za Waluguru, ambao milima yao yaonekana upande wa kusini mtu asimamapo kwenye barabara ya Dodoma. Akafungua orodha ya maktaba moja kubwa kwa simu yake, akaandika Waluguru, na jawabu likaja kwamba hapana kitu. Akaandika Kiluguru, jawabu likawa lile lile. Basi akawaambia wanafunzi kuwa habari za Waluguru hazijaandikwa. Tulipoyasikia hayo tulimwomba aandike Luguru tu, pasipo herufi za mbele, na papo hapo vitabu vikatokea.

Kosa halikuwa la mwalimu, wala mtambo haukuharibika. Katika vichwa vya habari vya Library of Congress ya Marekani, ambavyo maktaba nyingi za dunia huvifuata, lugha hii huitwa Luguru na watu wake Luguru vile vile. Kiambishi cha ngeli kimeachwa. Desturi hiyo yafaa mahali pake. Zamani za kadi, zilizopangwa katika visanduku kwa herufi ya kwanza, kama kila kabila lingaliandikwa kwa Wa- na kila lugha kwa Ki-, basi Wagogo, Wakaguru, Waluguru na Wazaramo wangalisongamana katika kisanduku kimoja, na kisanduku cha K kingalifurika lugha. Watunga kamusi nao waliyajua mashaka hayo. Katika kamusi iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson, nomino nyingi zimewekwa chini ya kitenzi zilikotoka. Lakini Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 huliweka neno mahali pa herufi yake ya kwanza kama lisemwavyo, na mpishi yumo katika M. Njia ya kwanza yamfaa ajuaye sarufi, ya pili yamfaa kila mtu. Hatusemi kwamba moja ni mbovu; twasema msomaji hana budi kuambiwa ni ipi iliyofuatwa.

Kompyuta zilipoingia maktabani wengi walidhani taabu hii imekwisha, maana mtambo hautazami herufi ya kwanza tu, bali hutafuta neno popote lilipo. Ni kweli nusu. Mtambo hulinganisha herufi na herufi, wala haujui kwamba kitabu na vitabu ni kitu kimoja. Kwa Kiingereza upo msaada: mtafutaji huandika mwanzo wa neno, huweka alama ya nyota mwishoni, na mtambo huleta maneno yote yenye mwanzo huo. Msaada huo ulibuniwa kwa lugha zinazogeuka mkiani. Lugha zetu hugeuka kichwani. Mtoto, watoto, utoto, kitoto: nyota iliyowekwa mwishoni haiwezi kuyakusanya haya, na mitambo mingi haipendi nyota iwekwe mbele. Hivyo atafutaye mzimu hakutani na mizimu, na atafutaye ukoo huzikosa koo zote, jambo ambalo kwa nchi ya Waluguru, wahesabuo ukoo kwa upande wa mama, si hasara ndogo.

Yafaa tueleze jinsi maelezo ya kitabu yanavyokaa ndani ya mtambo. Utaratibu utumiwao zaidi huitwa MARC. Uliundwa katika miaka ya 1960 huko Library of Congress, chini ya Henriette Avram. Kila habari ina chumba chenye namba yake: jina la mtunzi ni 100, jina la kitabu 245, majina yake mengine 246, na jambo linalozungumzwa 650. Lugha ya kitabu huandikwa kwa herufi tatu. Kiswahili kimepewa swa. Lakini Kiluguru hakikupewa herufi zake katika orodha ile; hutiwa katika bnt, yaani fungu la lugha za Kibantu zisizo na alama yake, kama wageni waliolazwa chumba kimoja. Orodha nyingine iliyo ndefu zaidi, iitwayo ISO 639-3, imekipa ruf, na herufi hizo zakumbusha tahajia ya Ruguru. Hii ni tahajia nyingine ambayo mtafutaji makini hana budi kuijaribu.

Wakati mwingine hata jina la kitabu humpoteza msomaji. Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa mwaka 1960 kitabu juu ya ardhi na utawala wa Waluguru, na juu ya machafuko ya mwaka 1955, watu walipokataa kulima matuta. London kiliitwa Land and Politics among the Luguru of Tanganyika. Marekani kitabu hicho hicho kiliitwa Smoke in the Hills. Asiyejua atadhani ni vitabu viwili. Maktaba yenye fedha chache yaweza kukinunua mara mbili. Hakuna mtambo utakaolitambua hilo pasipo mtu kulijua kwanza na kuliandika katika chumba cha 246.

Majina ya watunzi nayo yana taabu yake. Shaaban Robert (1909–1962) hutajwa mahali pengine kwa Robert na pengine kwa Shaaban, kwa sababu Wazungu huanza na jina la mwisho, nao wadhani ni la jamaa, hali kwetu mara nyingi ni jina la baba tu. Wakutubi wameweka faili la majina yaliyothibitishwa: jina moja huchaguliwa, na mengine yote huelekezwa kwake. Jina lipi lichaguliwe si neno. Neno ni kwamba maelekezo yawepo.

Serikali imefanya sehemu yake. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1975, hupokea nakala za vitabu vinavyotolewa nchini na kugawa namba za ISBN, ambazo nyingi huanza kwa 978-9976 au 978-9987. Lakini vijitabu vya parokia, vilivyopigwa chapa kwa matumizi ya nyumbani, mara nyingi havina namba, wala mwaka, wala jina la mtunzi. Ndivyo hasa vyenye methali, nyimbo na maneno ya Kiluguru yasiyopatikana pengine, na ndivyo vinavyoliwa na mchwa.

Kwa hiyo twawashauri ndugu walimu na mapadre walio na kabati la vitabu, liwe dogo namna gani, waandike daftari, na wenye kompyuta waandike humo. Jina la kitabu liandikwe kama lilivyochapwa, pasipo kulisahihisha. Katika nafasi ya jambo yaandikwe yote: Luguru, Waluguru, Kiluguru, Ruguru; umoja na wingi pia. Wino ni rahisi. Mwaka usiojulikana ukadiriwe ndani ya mabano ya mraba, ili asomaye ajue kuwa ni makisio.

Mwalimu wa Kihonda ameanza. Juma lililopita alituletea kijitabu cha sala kisicho na jalada, kilichotoka katika sanduku la mzee mmoja wa mlimani. Jina lake halijulikani. Ameandika maneno manne ya kwanza ya ukurasa wa kwanza, kisha mahali kilipoonekana na siku yake.