Chenso Ikibanwa, Kreni Ikiinua

Mkaratusi mkubwa uliosimama kati ya nyumba za Miembeni, mjini Bukoba, hauna pa kuangukia. Huku kuna bati la jirani, kule nyaya za TANESCO, na mbele ukuta ambao huenda una nyufa tangu tetemeko la 10 Septemba 2016. Muleba vijijini shida ni kibanja, yaani shamba la nyumbani: gogo likidondoka hulaza migomba na mibuni iliyotunzwa miaka mingi. Ndiyo maana kreni, kwa anayemudu kuikodi, ina faida: kila kipande hufungwa mkanda, hukatwa, kisha huinuliwa na kushushwa barabarani. Wengi huuliza kwanza kreni ina tani ngapi. Swali hilo ni la lazima, maana uwezo wa kreni hupungua kadiri mkono wake unavyonyooshwa mbali. Lakini hatari iliyo karibu zaidi na aliye juu ya mti ni chenso aliyoishika, pamoja na kamba inayoiunganisha na kiuno chake.

Chukua gogo la mkaratusi lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 3. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 0.85, na kwa kuwa mti huo ukiwa mbichi huwa na uzito wa kukaribiana na maji au hata kuyazidi, hapo kuna kilo 850 hivi. Mwendesha kreni akivuta kidogo mno, gogo hukalia mkato na kubana bapa la chenso. Akivuta kupita kiasi, nyuzi za mwisho hukatika mapema na gogo huruka juu, chenso ikiwa bado ndani. Mpandaji amejifunga kwenye shina. Kama chenso nayo imefungwa kiunoni mwake kwa kamba imara, kreni inamvuta juu huku shina likimshikilia chini. Uimara tunaousifu katika kamba nyingine zote hapa ni kasoro. Inatakiwa kamba yenye kiungo dhaifu cha makusudi, kinachobeba chenso inayoning'inia lakini kinachokatika kabla mtu hajaburutwa.

Uchaguzi wa chenso wenyewe unafuata hoja hiyohiyo. Chenso ndogo yenye mpini juu ya injini, kama Stihl MS 201 T, haifiki kilo 4 bila bapa na mnyororo, na kwa matawi inatosha kabisa. Kwenye shina la sentimita 60, bapa lake fupi humlazimisha mpandaji kuzunguka, na mikato isiyokutana sawasawa ndiyo inayobana. Bapa la inchi 28 humaliza kazi kutoka upande mmoja. Mafundi watasema chenso ya kubeba bapa hilo inachosha, nao wako sahihi. Stihl 070 ya kupasulia mbao, inayozidi kilo 10, isipandishwe mtini kabisa. Hata chenso ya bapa la inchi 28, kwa uzito wake, kiuno si mahali pa kuifunga. Kanuni za Marekani za kazi ya miti, ANSI Z133, kwa kawaida zinataka chenso inayozidi pauni 15, yaani kilo 6.8 hivi, ishikiliwe na kamba yake ya pembeni. Kamba hiyo ifungwe kwenye shina linalobaki, chini ya mkato, wala isiguse kipande kinachoinuliwa. Nayo iwe na kiungo dhaifu.

Kuna watakaouliza: kwa nini chenso isitolewe kabla mkato haujakamilika, kreni imalizie kwa kuvuta? Kwenye tawi jembamba inawezekana, kwa mikato miwili iliyopishana kidogo, mmoja kutoka kila upande. Kwenye shina nene, nyuzi zinazobaki kati ya mikato hiyo zinaweza kuhitaji tani kadhaa kuzing'oa, na kreni hubeba mzigo ambao haukupigiwa hesabu. Shina likatwe lote, chenso itoke na kufungwa breki, mpandaji asogee, ndipo ishara itolewe. Wengine watalalamika kwamba kiungo kikikatika chenso ya bei mbaya inaanguka. Ianguke. Chini ya mzigo wa kreni hapatakiwi kuwa na mtu, kwa hiyo hasara ni ya chombo tu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kulinda wafanyakazi wake. Mwenye mti naye aombe kuonyeshwa kiungo dhaifu hicho kabla kreni haijashusha miguu. Kikikosekana, mti usubiri.