Chombo Kinachopima Vingine: Ugezi wa Kitoa-Ishara katika Maabara ya Shule

Kila msimu wa kahawa, mkulima wa Nyaishozi wilayani Karagwe, au wa Nkwenda wilayani Kyerwa, hupeleka magunia yake kwenye chama cha msingi na kukabidhi jasho la mwaka mzima kwa mzani. Hawezi kuiona kilo kwa macho, huiamini sindano. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hukagua mizani kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana, kisha huibandika alama ya ukaguzi. Mzani uliokufa kabisa hauna hatari kubwa, kwa kuwa kila mtu huona kwamba haufanyi kazi. Wenye hatari ni ule unaofanya kazi vizuri huku ukisema uongo kidogo.

Maabara ya fizikia nayo ina chombo cha namna hiyo, nacho ni kitoa-ishara. Hiki si jenereta ya kuwashia taa. Ni kisanduku chenye saketi ya elektroniki inayotoa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kwa mpango maalumu. Idadi ya mipando na mishuko hiyo katika sekunde moja huitwa marudio, na hupimwa kwa hezi. Mtumiaji huzungusha kitufe, husoma namba kwenye bamba, na kuamini kwamba marudio yanayotoka ni yale yaliyoandikwa. Fundi wa redio hukitumia kurekebisha redio iliyopoteza mstari wa vituo. Mwanafunzi hukitumia kuchunguza sauti na mawimbi. Kikikosea, kila kilichopimwa kwacho hukosea pamoja nacho.

Jinsi kinavyofanya kazi

Vitoa-ishara vingi vya sauti hufuata saketi ya rezista na kapasita iitwayo daraja la Wien, kwa jina la mwanafizikia wa Ujerumani, Max Wien. Mwaka 1939 kampuni changa ya Hewlett-Packard ya Marekani ilianza kuuza kitoa-ishara cha aina hiyo. Ndani yake mlikuwa na taa ndogo ya kawaida iliyotumika kutuliza nguvu ya ishara: ishara ikizidi, uzi wa taa hupata moto, ukinzani wake huongezeka, na ishara hupunguzwa. Miongoni mwa wateja wa kwanza alikuwa Walt Disney, aliyenunua vyombo vinane kwa ajili ya kutayarisha sauti za filamu ya Fantasia.

Katika daraja hilo, marudio hupatikana kwa kugawanya 1 kwa zao la 2, π, ukinzani wa rezista na uwezo wa kapasita. Rezista za ohmu 10,000 zikitumika pamoja na kapasita za mikrofaradi 0.033, marudio huwa karibu hezi 482. Kanuni hii yaeleza pia chanzo cha kosa. Rezista huchakaa kwa joto na kapasita hubadilika kwa umri na unyevu. Zao la ukinzani na uwezo likiongezeka kwa asilimia 6, marudio hupungua kwa karibu kiasi hicho hicho, lakini namba zilizochapwa kwenye bamba hazibadiliki.

Kutafuta hitilafu kwa utaratibu

Fundi mzuri haanzi kwa kufungua kisanduku. Huanza na mambo mepesi na ya nje, kisha huingia ndani hatua kwa hatua.

Kwanza ni umeme. Je, soketi ina umeme? Je, waya wa plagi haukukatika? Je, fyuzi ni nzima? Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya kiwango kile kile, wala si kwa kipande cha waya. Fyuzi mpya ikiungua mara moja, kuna hitilafu ndani, na kuongeza ukubwa wa fyuzi ni kuualika moto.

Pili ni matumizi. Hitilafu nyingi zinazoripotiwa si hitilafu. Kitoa-ishara kinachotoa volti 4 kikiwa peke yake, chenye ukinzani wa ndani wa ohmu 600, kikiunganishwa moja kwa moja na spika ya ohmu 8 hubakiza sehemu 8 tu kati ya 608 za volti hizo, yaani volti 0.05 hivi. Sauti hufifia, na mwanafunzi hudhani chombo kimekufa, kumbe amekitwika mzigo usiokifaa. Dawa yake ni kutumia tundu la ukinzani mdogo, kama lipo, au kuweka kikuza sauti katikati.

Tatu ni dalili za ishara yenyewe. Mkwaruzo unaosikika wakati wa kuzungusha kitufe huonyesha vumbi au kutu katika rezista badilifu. Mvumo mzito usiobadilika hata kitufe kikizungushwa mara nyingi hutokana na kapasita za kusafishia umeme zilizokauka. Mkondo wa hezi 50 uliogeuzwa na daiodi za wimbi kamili huacha mabaki ya hezi 100. Wimbi lililokatwa vichwa, likionekana kwenye oskiloskopu, huashiria kwamba saketi ya kutuliza nguvu ya ishara haifanyi kazi ipasavyo.

Onyo halina budi kutolewa hapa. Ndani ya kisanduku mna umeme wa volti 230, na kapasita huweza kuhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwanafunzi asifungue chombo bila mwalimu au fundi anayeijua kazi hiyo.

Jibu lisilolingana na kitabu

Hitilafu iliyo ngumu kuliko zote ni ile isiyo na dalili. Mfano mmoja utatosha. Mwanafunzi anatafuta mwendo wa sauti hewani. Amezamisha mrija majini, na juu ya mdomo wake ameweka spika iliyounganishwa na kitoa-ishara kinachosoma hezi 500. Anauinua mrija polepole. Hewa iliyomo ikifikia urefu wa sentimita 17.3 sauti inavuma kwa nguvu, na ikifikia sentimita 53.9 inavuma tena. Tofauti ni sentimita 36.6, ambayo ni nusu ya urefu wa wimbi. Basi wimbi zima ni sentimita 73.2. Akizidisha mita 0.732 kwa 500, anapata mita 366 kwa sekunde.

Kitabu chasema vingine. Mwendo wa sauti katika hewa ya nyuzijoto 0 ni karibu mita 331.4 kwa sekunde, na huongezeka kwa mita 0.6 hivi kwa kila nyuzi moja. Maabara ikiwa na nyuzijoto 22, jibu lingekuwa karibu mita 344.6. Mwanafunzi afanyeje?

Huenda mwenzake akamwambia kwamba Karagwe iko juu, hewa yake ni nyepesi, na kwa hiyo sauti hubadili mwendo. Hoja hiyo yavutia, lakini si sahihi. Kwenye nyanda za juu, mgandamizo na uzito wa hewa hupungua kwa pamoja, na athari zake hufutana. Kinachobaki ni joto. Unyevu wa masika nao huongeza mwendo, lakini kwa chini ya asilimia moja. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kuleta kosa la asilimia 6.

Huenda pia akashawishika kufuta 36.6 na kuandika 34.5 ili apate alama. Hapo ndipo sayansi hufia. Vipimo vyake vya urefu vilikuwa sahihi. Aliyesema uongo ni bamba la chombo. Mwanafunzi aliyeibadili namba yake ameuficha ushahidi pekee uliokuwapo, na darasa lijalo litarithi kosa hilo hilo. Aliyeiacha namba yake amegundua jambo: akigawanya 344.6 kwa 0.732 atapata hezi 471. Hayo ndiyo marudio halisi. Mrija wa maji na kipimajoto vimekuwa mawe ya mzani.

Kukigeza chombo

Kazi ya kulinganisha chombo na kingine kinachoaminika zaidi huitwa ugezi. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, lina maabara ya ugezi Dar es Salaam. Nyuma ya maabara za namna hiyo uko mnyororo wa ulinganishaji unaofika hadi kwenye tafsiri ya sekunde iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1967: muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sizi-133. Lakini Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kayanga au Rubwera, na kwa mahitaji ya shule zipo njia za karibu.

Njia ya kwanza ni uma wa sauti wa hezi 512. Uma hupigwa na kuwekwa karibu na spika, kisha kitufe huzungushwa taratibu. Sauti mbili zikikaribiana, sikio husikia mapigo, yaani sauti inayokua na kufifia kwa zamu. Idadi ya mapigo kwa sekunde ndiyo tofauti ya marudio. Mapigo yakitoweka, vyote viwili vinatoa hezi 512. Kwa kitoa-ishara cha mfano uliotangulia, wakati huo bamba lingesoma karibu 544.

Njia ya pili ni multimita yenye sehemu ya kupimia hezi. Ndani yake mna fuwele ya kwatzi, jamaa ya ile inayoendesha saa ya mkononi kwa mitetemo 32,768 kwa sekunde. Saa ya namna hiyo ikikosea sekunde moja kwa siku, imekosea sehemu moja katika 86,400. Kwa hiyo multimita ya kawaida ya aina hii ni ya kuaminika kuliko bamba la kitoa-ishara kilichozeeka.

Upimaji ufanyike baada ya chombo kuwashwa na kuachwa nusu saa kipate joto la kazi, na ufanyike kwenye namba kadhaa katika kila ngazi. Matokeo yake ni uchunguzi pia. Kosa likiwa katika ngazi moja tu, kapasita za ngazi hiyo zishukiwe. Likiwa lile lile katika ngazi zote, itazamwe rezista inayotumika kwa zote. Na kabla ya hapo itazamwe skrubu ya kitufe, kwani mara nyingine bamba limeteleza tu kwenye mhimili wake.

Si lazima kosa liondolewe ndipo chombo kitumike. Jedwali dogo lililobandikwa ubavuni, lenye safu ya namba za bamba, safu ya marudio halisi na tarehe ya ugezi, hutosha. Chombo chenye kosa linalojulikana ni bora kuliko kipya ambacho hakuna aliyekikagua. Mkulima huutazama mzani kwanza kama una alama ya ukaguzi, ndipo apandishe gunia. Mwanafunzi naye atazame ubavu wa kitoa-ishara kabla ya kuandika namba ya kwanza katika daftari lake.