Kumtafuta Mdudu wa Msituni kwa Picha za Angani

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: GOME.

Kaskazini-mashariki ya Ufaransa kuna misitu ya msprusi, mti wa jamii ya msonobari. Mwaka 2018 ukame ulikuwa mkali, na miti ikadhoofika. Mti wenye nguvu humzuia mbawakawa wa gome kwa utomvu wake. Mti wenye kiu hauwezi. Mdudu huyu, urefu wake kama milimita 5 tu, hutoboa gome na kutaga mayai. Watoto wake hula sehemu laini inayopitisha chakula cha mti, na mti hufa. Lakini kwa majuma kadhaa majani hubaki kijani! Yakigeuka mekundu, mara nyingi wadudu wamekwisha kuhamia miti mingine.

Je, bwana misitu ataweza kuzunguka msitu wote kila juma? Hawezi. Basi watafiti wa taasisi ya INRAE walitunga programu ya kompyuta iitwayo FORDEAD. Programu hiyo husoma picha za setilaiti za Sentinel-2. Ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, nazo hupita juu ya mahali pale pale kila baada ya siku chache.

Setilaiti hizo huona hata mwanga usioonekana kwa macho yetu. Jani lenye maji hunywa sehemu ya mwanga huo; jani linalokauka huurudisha. Picha hugawanywa katika miraba midogo. Kompyuta hujifunza kwanza desturi ya kila mraba katika majira yote ya mwaka, kisha hulinganisha kila picha mpya. Picha moja ikitofautiana, hungoja, maana huenda ni kivuli cha wingu. (Nasi mtoto akikohoa mara moja hatukimbilii hospitali.) Zikitofautiana tatu mfululizo, mraba hutiwa alama katika ramani.

Hata hivyo, ramani peke yake haitoshi kumjua aliyeudhuru mti, kama ni mdudu au ni ukame. Kwa hiyo bwana misitu angali anakwenda kwa miguu, ramani mkononi. Karibu na miraba yenye alama huchungulia hata miti inayoonekana mizima, akitafuta unga wa kahawia chini ya shina, uliotoka mdudu alipotoboa. Mti wenye unga huo hukatwa na kuondolewa kabla wadudu wapya hawajaruka.

Sasa zungumzeni darasani: mdudu hangoji, basi kwa nini kompyuta ingoje picha tatu?