Samaki wa haya wa Tanganyika: bila gamba hana amani

Wakaaji wa Uvira, Baraka na Kalemie wanajua ndakala na mukeke, sababu wanakutana nao kwenye soko na kwenye sahani. Lakini mu ziwa lile lile muko samaki wengine wadogo wenye watu hawapiki. Mumoja wao wataalamu wanamuita Lamprologus ocellatus. Dume ana urefu wa karibu sentimeta 5 au 6, na jike ni mudogo kumupita. Huko Ulaya na Marekani watu wanamufuga nyumbani mu akwariamu, ni kusema sanduku ya vioo yenye maji.

Samaki huyu anaishi ndani ya magamba matupu ya konokono wa Neothauma, mwenye hapatikani mu ziwa lingine duniani. Kila mumoja ana gamba lake. Analifukia mu muchanga, anaacha paka mulango wazi. Akiona hatari, anaingia. Jike anataga mayai mule mule ndani.

Kwa hiyo, kujificha si ugonjwa. Mufugaji asiyejua hiyo anaondoa magamba ili amuone samaki muzuri. Inakuwa kinyume: samaki anabanana kwenye kona, rangi inafifia, anakataa chakula. Mwenye kuwa na nyumba karibu njo anapata ujasiri wa kutoka inje.

Anaomba nini basi? Sanduku ya litre 50 ao 60 inatosha dume mumoja na majike mawili ao matatu. Chini muwe muchanga laini wa sentimeta 5 hivi, na magamba yapite hesabu ya samaki. Sanduku ikae mbali na mulango, na watoto wasigonge vioo.

Maji njo kazi kubwa. Maji ya Tanganyika ni ya chumvichumvi ya madini. Kwenye kipimo cha pH yanafika karibu 9. Sehemu kubwa ya madini hayo inaletwa na mto Ruzizi kutoka ziwa Kivu. Maji ya mvua peke yake hayamufai. Maji ya robine yenye klore yalale kwanza siku moja mu beseni wazi. Kila juma mutu abadilishe sehemu ndogo, si yote mara moja. Chakula kiwe kidogo, sababu mabaki yanaoza na kuharibu maji.

Mwenye kuokota magamba ziwani achungulie kwanza: pengine mwenyewe yuko ndani. Tena asiyamalize yote.

Hatari ingine inatoka juu ya milima. Miti ikikatwa, mvua inashusha udongo mpaka ziwani, na udongo unafunika muchanga na magamba. Mu akwariamu, mufugaji anaweza kusafisha. Mu ziwa, gamba lenye kujaa matope si nyumba tena, na samaki huyu hana pengine pa kukimbilia.