Je, Wajua? Kompyuta huamka kabla data hazijafika

Kompyuta pepe iliyoharibika inaweza kuwaka kabla data zake zote hazijarudi. Katika wingu la Amazon, diski inayofufuliwa kutoka kwenye picha yake (snapshot), yaani nakala ya hali yake ya wakati fulani, huanza kazi mara moja. Kila kipande huletwa pale kinapoguswa. Ndiyo maana faili hufunguka polepole mara ya kwanza.

Picha ya kwanza hubeba diski nzima, zinazofuata mabadiliko tu. Ajabu yake: futa ya kwanza, na ya mwisho bado hurudisha kila kitu!

 

Januari 31, 2017, GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, walifuta hifadhidata yao kimakosa. Chelezo nyingine ziligoma. Iliyowaokoa ni picha iliyopigwa takribani saa 6 kabla ya ajali.