Nakala Mia Mbili Uvunguni mwa Kitanda

Mama mwenzangu, je, umewahi kusoma riwaya iliyotungwa na mwanamke unayemfahamu? Simsemi mtu wa redioni. Namsema yule mnayekutana sokoni, anayekushonea sare za watoto. Mimi nilikuwa sijawahi, mpaka usiku mmoja wodini kwetu hapa Iringa.

Wodi ya watoto ina kelele zake hata usiku wa manane. Usiku huo palikuwa kimya, nikaingiwa na hofu. Nilipochungulia nikawakuta akina mama sita wamemzunguka mwenzao, fundi cherehani ambaye mwanawe alilazwa kwa nimonia. Alikuwa akiwasomea kwa sauti ya chini kutoka kwenye daftari kubwa. Siku mbili nzima nilikuwa nikimwona akiandika humo, nikadhani anapiga hesabu za wateja wake. Kumbe ni riwaya ya binti anayerudi kijijini kudai shamba la marehemu mama yake! Nilisimama mlangoni na trei ya dawa, karibu nisahau kilichonileta.

Mtoto alipona, na urafiki ukabaki.

Mwaka uliofuata aliamua kuchapisha kitabu hicho mwenyewe. Alikopa shilingi 900,000 kwenye kikoba, akachapisha nakala 200 Dar es Salaam, kila moja shilingi 4,500. Niliuliza kwa nini asianze na nakala 30. Alinieleza kwamba kwa zile mashine kubwa, mabamba ya kuchapia hugharimu fedha ile ile, uchape nakala chache au maelfu, kwa hiyo nakala chache huwa ghali mno. Aliamua kuuza kwa shilingi 7,000. Hebu piga hesabu pamoja nami: kwa riba ya asilimia 10, deni lake lilikuwa shilingi 990,000. Ilibidi ziuzwe nakala 142 kabla hajapata hata senti ya chumvi. Na maduka ya vitabu hutaka punguzo, na aghalabu hulipa baada ya kuuza.

Sasa nikiri kosa langu. Kabla ya kuchapisha alikuwa amenitumia hadithi yote kwenye simu ili nimsomee. Kitabu kilipotoka, kwa furaha yangu, niliirusha hadithi hiyo kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi tuliosoma pamoja. Niliandika, "Someni kazi ya rafiki yangu!" Nilidhani namtangaza. Baada ya wiki mbili mpwa wangu wa Bukoba akanisimulia hadithi tamu aliyotumiwa na jirani. Ilikuwa ile ile, ila jina la mtunzi lilikwisha kupotea njiani. Wakati huo nakala 163 zilikuwa bado uvunguni mwa kitanda chake.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka akamaliza pindo la gauni. Kisha akasema, "Sista, marejesho ni Jumamosi." Hakuongeza neno.

Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayomlinda mtunzi. Lakini sikuhitaji sheria kunifundisha. Mimi nisingethubutu kutoka dukani na kitenge nisicholipia, sembuse kuwagawia wenzangu.

Nililipa marejesho ya Jumamosi ile kutoka kwenye mshahara wangu. Halafu nikaliandikia kundi letu, nikaungama, na kumwomba kila aliyesoma alipe bei ya kitabu, nasi tumtumie nakala yake kwa basi. Walilipa 23. Wengine walicheka wakasema, "Si hadithi tu hiyo?" Baadaye tulimwomba mwenyekiti wa akina mama kanisani ampe robo saa baada ya kikao. Alisitasita, maana kwake riwaya zote ni za mapenzi. (Nadhani naye amesoma kadhaa, vinginevyo angejuaje?) Fundi wetu alisoma sura ya kwanza, akakomea pale binti anapogonga mlango wa baba mdogo wake. Zikauzwa 31 siku hiyo. Hakuna aliyethubutu kusema, "Nipe basi moja nisome, nitakurudishia," maneno ambayo huwauma watunzi kuliko matusi.

Wala kujichapishia si aibu ya mtu aliyekataliwa. Ujana wetu wengi tulimsoma Joram Kiango wa Ben Mtobwa chini ya shuka, na Mtobwa huyo ndiye aliyeanzisha kampuni ya Heko. Mwaka 1989 wanawake wawili, Elieshi Lema na Demere Kitunga, walianzisha kampuni yao ya uchapishaji, E&D. Lema mwenyewe ni mtunzi, lakini mlango walioufungua uliwapitisha na wengine.

Rafiki yangu naye amefanya hivyo kwa kiasi chake. Kwenye rafu ya vitambaa ameweka vitabu vya watunzi wengine wawili: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na binti auzaye mboga ambaye hadithi zake fupi zinatisha kweli. Mteja akingoja kupimwa, hupewa kimoja ashike. Hao wawili nao huuza cha kwake huko waliko.

Ninapoandika haya zimebaki nakala 47 na deni limekwisha. Riwaya ya pili naisoma kwenye daftari lake, si kwenye simu. Katika sura ya nne mgonjwa anaongezewa damu mara tu anapofikishwa mlangoni. Nimemwandikia pembeni kwa penseli kwamba kwa kawaida hupimwa kwanza kundi la damu, kisha damu hiyo hulinganishwa na ya mgonjwa. Amenijibu kwamba tukiisubiri maabara mhusika wake atakufa, naye anamhitaji hadi sura ya kumi. Bado tunabishana.