Kikombe Kitale, Kisahani Bungoma

Sisi watu wa pwani vyombo vya kauri si vigeni kwetu. Zidaka za Lamu zilipambwa kwavyo, na kwenye kaburi la nguzo la Mambrui wazee walipachika vyombo kutoka Uchina. Lakini nani aliyewahi kupindua sahani ya nyanyake atazame imechorwa na nani? Mimi, mzawa wa Mombasa niuzaye vyombo vikuukuu hapa Kitale, sikuwa na habari hiyo mpaka mwalimu mmoja mstaafu alipoingia dukani.

Alichukua kikombe cheupe chenye michoro ya kijivu, akakipindua, akavaa miwani. "Unauza kiasi gani?"

"Mia tatu."

Akanionyesha jina lililochapwa kitakoni: Eric Ravilious, na la kiwanda, Wedgwood.

Huyu Ravilious alikuwa mchoraji Mwingereza, mzaliwa wa 1903. Michoro ile ya vyombo vya safari, iitwayo Travel, aliitengeneza kabla ya Vita Kuu ya Pili. Vita vikaizuia, naye akaajiriwa kuchora mambo ya vita. Mwaka 1942 ndege aliyopanda ilipotea baharini karibu na Iceland, hata maiti haikuonekana. Vyombo vikatoka kiwandani miaka ya hamsini. Basi mkono wake haukukigusa kikombe changu kamwe! Mchoro huchongwa kwenye bamba la shaba, ukapigwa chapa kwenye karatasi nyembamba, ukabandikwa kwenye chombo. Hata hivyo, watu hulipia jina.

"Kikombe peke yake, elfu moja," akasema mwalimu. "Kikiwa na kisahani chake, elfu tano."

Moyo ulinidunda, kwani kisahani nilijua kilipo. Kikombe nilikinunua Bungoma kwa shilingi mia, kwa bibi mkongwe ambaye marehemu mumewe alikuwa mpishi wa mlowezi huku Trans Nzoia. Mzungu alipouza shamba baada ya uhuru wa 1963, aliwaachia vyombo. Kisahani bibi alikataa kukiuza, alikuwa akitilia chumvi.

Alfajiri nikapanda matatu. Kimilili yote nafsi inateta nami: biashara ni biashara, mpe mia nyingine uondoke. Lakini msikitini tulifunzwa kuwa mnunuzi huambiwa aibu ya bidhaa. Je, muuzaji asiyejua thamani ya chake, haambiwi? Nawauliza masheikh wasomao ukurasa huu. Mimi elimu hiyo sina, usingizi tu ndio ulionikimbia.

"Kukhu," nilimwambia baada ya salamu na chai, "kikombe kile nilikupunja." Nikamweleza yote, hata hizo elfu tano.

Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu: mchoraji aliacha watoto? Watatu, nikamjibu, kama mwalimu alivyonieleza. Akatikisa kichwa. Akamimina chumvi katika kikopo, akakiosha kisahani, akakipangusa kwa leso, asinipe.

"Elfu tatu, mjukuu wangu. Na ile mia yako usiihesabu."

Nikatoa.

Jumamosi mwalimu akaja. Kabla hajalipa nilimwonyesha ufa mwembamba kama unywele chini ya mkono wa kikombe. Akakigonga kwa ukucha, akasikiliza, akashusha bei hadi elfu nne. Nilipotoa nauli ya kwenda na kurudi, nilibaki na mia nne.